Nusu Dakika Mbele ya Kamera

Leo nimefedheheka, tena mbele ya watoto wa watu. Kwanza nikiri jambo nililolikana miaka ishirini: nina maneno mengi. Mume wangu alipolisema, nilibisha. (Nilibisha kwa saa nzima.)

Nafundisha vijana kumi kupiga picha hapa Mji wa Kale. Juzi wazazi walilalamika kwamba mwalimu huongea mpaka muda unakwisha, watoto wasipige picha hata moja. Mwenyekiti wao, Bi Asha, akanitaka nimpelekee leo picha moja nzuri, ndipo waamue kama darasa litaendelea.

Basi asubuhi nikasimamisha kamera kichochoroni, nikafunika lenzi kwa kioo cheusi cha kupunguza mwanga.

"Tutaliacha jicho la kamera wazi nusu dakika," nikawaambia. "Kilichotulia kitabaki. Anayepita atayeyuka."

"Hata wewe, mwalimu?" akauliza Salma, mwenye miaka kumi na mitano na ulimi wa miaka hamsini.

"Hata mimi. Bonyeza."

Nikapita. Hatua ya nne nikakutana na jirani yangu, Bi Mwanakombo, anatoka sokoni.

"Sabalkheri, Bi Rehema."

Sasa ningefanyaje? Nimpite mtu mzima kama nguzo? (Marehemu mama angefufuka anikanye.) Nikasimama.

"Sabalkheri. Wa nyumbani hawajambo? Na lile goti?"

"Hawajambo. Nina samaki mkononi, mwenzangu, wataharibika," akajibu bila kupunguza mwendo.

Nikaupa mgongo wake ushauri wote wa goti.

Picha ikatoka. Milango ya nakshi imetulia. Bi Mwanakombo na wapita njia wote wameyeyuka kama moshi wa udi. Katikati nimesimama mimi, wima, hata maua ya leso yangu yanahesabika. Chini ya pua tu ndiko kuna ukungu.

"Mwalimu umetulia mwili mzima," akasema Salma, "isipokuwa pahali pamoja."

Wenzake wakakaa chini kwa kicheko. Nikamwambia aifute upesi.

"Nishampelekea Bi Asha kwa simu. Si alitaka nzuri?"

Simu yangu ikalia.

"Bi Rehema, picha tumeiona. Darasa litaendelea."

Nikamshukuru. Nikamshukuru kwa kirefu.

"Sijamaliza," akanikata. "Kamera ataishika Salma. Wewe utakaa mwanzo wa kichochoro uwasalimie wanaopita, ili watoto wafanye kazi."