Maumbo Tisini ya Kitenzi "Kwenda"

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Guruji Vaze ametangaza leo baada ya sala ya asubuhi. Mwisho wa mwezi anastaafu. Amefundisha sarufi ya Kisanskriti hapa mjini Wai kwa miaka arobaini na mmoja, inatosha, amesema, na macho yamechoka. Mwalimu mkuu mpya atatoka kati yetu wawili. Mimi, Trimbak Khare, nina miaka kumi na minane katika shule hii. Sulochanabai Phatak, mjane, ana minne. Minne tu.

Tutapimwa Jumamosi mbele ya kamati. Guruji atataja mzizi mmoja wa kitenzi, na kila darasa litaunyambua hadi mwisho. Nyakati na hali kumi. Katika kila moja: yeye, wewe, mimi. Na kila mmoja wa hao akiwa peke yake, wakiwa wawili, wakiwa wengi. Maumbo tisini kwa jumla. Darasa litakaloteleza mara chache zaidi, mwalimu wake anachukua kiti, ingawa neno la mwisho ni la Guruji.

Mizizi iko karibu elfu mbili. Siwezi kufundisha elfu mbili kwa siku tano. Ila naweza kujua mmoja.

Nimemweleza mke wangu Kusum, alikuwa akipepeta mchele. Akauliza kama si rahisi zaidi kufundisha tu. Hajui siasa za shule.

Jumanne, 6 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Nimempelekea Guruji mikate ya dengu tamu, ya moto, samli juu. Nimemkuta kwenye bembea ya barazani. Alipofika wa tatu nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, Jumamosi atataja mzizi gani.

Akauliza ningependa upi. Nikasema wowote, Guruji, kwangu yote ni sawa. Akasema basi atataja wowote. Akamaliza mkate wa nne. Nimerudi na sufuria tupu.

Njiani nimepita darasa la Sulochanabai. Amewatoa wanafunzi darasani hadi ukumbini. Mmoja anatembea, wenzake wanataja umbo la "yeye." Wawili wanatembea wameshikana mikono, wanataja la "wao wawili." Kisha kundi zima. Wanacheka. Mimi sarufi niliipata kwa kuvutwa masikio, na sikuwahi kuona cha kuchekesha ndani yake. Msichana mmoja akakosea, nikafurahi. Halafu nikamsikia Sulochanabai akimweleza kwa nini amekosea, nikajikuta nimesimama pale hadi bega moja limelowa. Sababu ile sikuwa naijua.

Hiyo haitoki nje ya shajara hii.

Jumatano, 7 Agosti

Jana nilisahau mwavuli kwa Guruji. Nilisahau kwa makusudi.

Leo nimeufuata saa ambayo najua anaoga. Kitabu chake cha vitenzi kilikuwa juu ya bembea, na jani la mwarobaini katikati. Nikafungua. Mzizi *gam*, kwenda. Ukurasa umechakaa, pembe zimekuwa nyeusi kwa kidole gumba, kurasa nyingine safi. Nikarudisha jani palepale. Nikachukua mwavuli.

Nimepitia hekalu la Ganesha kushukuru. Kiti ni changu.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku mbili, kitenzi kimoja. Wanafunzi wamekauka sauti. *Gam* ni mzizi mkorofi, sasa hivi unasema *gacchati*, "anakwenda," ukigeuka umekuwa *jagāma* kana kwamba hawajuani.

Hilo la pili ni umbo la jambo lililopita ambalo msemaji hakulishuhudia. Mwanafunzi mmoja, Yamuna, akauliza: basi "mimi" anaingiaje humo? Mtu atakwendaje mahali asijishuhudie akienda? Nikamwambia mtihani hauulizi hivyo, akariri. Akakariri. Ila alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

Jumamosi, 10 Agosti

Niandike polepole, nisijipendelee.

Kamati ilikaa mkekani, Bwana Ghorpade mwenyekiti katikati. Guruji akafumba macho, akataja mzizi: *gam*. Nilikaza uso nisitabasamu.

Darasa la Sulochanabai likatangulia. Waliteleza mara tatu, kila mara wakajirekebisha wenyewe.

Langu likafuata. Umbo baada ya umbo, kama mvua juu ya bati. Hakuna aliyekwama. Wakafika kwenye lile la kutoshuhudia, kwa "mimi," wakasema *jagama*, kwa sauti fupi.

Guruji akainua mkono. "Kosa," akasema. "Ni *jagāma*. Vuteni."

Kwa "yeye," ni lazima kuvuta. Kwa "mimi," kuvuta na kutovuta vyote ni sahihi. Guruji mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, nikiwa na miaka kumi na mitano. Wanafunzi wangu wakanigeukia, wote kwa pamoja.

Nikawaza. Nikimkosoa, namwaibisha mzee mbele ya kamati, na mwenye kuchagua ni yeye. Nikinyamaza, kosa ni moja tu dhidi ya matatu, bado nashinda. Nikanyamaza. Yamuna akaanza kulia, machozi tu, bila sauti.

Guruji akarudia, "Kosa." Safari hii kama anayeuliza. Akatazama mikono yake.

Sulochanabai akainuka. "Guruji anawajaribu, watoto," akasema kwa uchangamfu. "Anataka kuona kama mtasimama na mnachokijua. Si ndivyo, Guruji? Yote mawili yanakubalika."

 Mzee akasema taratibu, "Ndivyo. Nilikuwa nawajaribu." Bwana Ghorpade akacheka, kamati ikacheka. Yamuna akapangusa uso.

Darasa langu halikuwa na kosa hata moja. Na aliyelitetea hakuwa mimi.

Jumapili, 11 Agosti

Guruji ameniita. Kiti amempa Sulochanabai.

Akauliza: "Trimbak, jana ulijua kwamba nimekosea?"

Nikasema nilijua.

"Ukanyamaza kwa heshima, au kwa hesabu?"

Nikajishughulisha na mwavuli wangu. Hakunisukuma.

Akafungua kitabu kwenye jani. Akasema vitenzi vinamtoka, kimoja kimoja, tangu mwaka jana. Ukurasa huu anausoma kila asubuhi. Alitaja *gam* kwa sababu ndio pekee aliodhani bado anao wote.

Mwezi uliopita alitoka kwenda kuoga mtoni, akarudishwa nyumbani na mtu aliyemkuta stendi ya mabasi. "Wananiambia nilikwenda hadi stendi," akasema. "Miaka arobaini na mmoja nafundisha umbo lile. 'Nilikwenda, bila mwenyewe kujua.' Sikuwahi kupata pa kulitumia. Sasa nimepata."

Akacheka kidogo. Nikajaribu kucheka, nikashindwa. Nikamsogezea shuka miguuni, nikaondoka.

Kusum ameuliza imekuwaje. Nikasema wameangalia ujane wa Sulochanabai. Akaniangalia, akaendelea kukanda unga.

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya kwanza ya Sulochanabai katika kiti. Ameniomba, "Mwalimu Khare, tafadhali," niwe naenda kwa Guruji kila asubuhi kabla ya masomo, tunyambue naye vitenzi ili visimtoke haraka. Nimekubali mara moja. Kamati itasikia.

Nimemkuta kwenye bembea. Tukaanza na *gam*. Mimi umbo moja, yeye moja. Amekwama mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Ila kuna mahali tulienda pamoja, mistari minne mizima, sauti yake ikawa ileile ya zamani, nami nikasahau kabisa kwa nini nilikubali kuja.

Tulipomaliza akanitazama sana. Akauliza, kwa adabu kama anamuuliza mgeni, mimi ni nani pale shuleni.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi nzuri, bembea imetulia, hakuna mtu mwingine.

Nikasema, "Mimi ndiye mwalimu mkuu, Guruji. Ulinichagua wewe."

Uso wake ukang'aa. Akaweka mkono kichwani pangu, akanibariki. Akasema alichagua vizuri.

Nimetembea hadi shuleni mvuani bila kufungua mwavuli, na furaha tele. Kesho atakuwa amesahau. Nitamwambia tena.