Mafuta ya Nazi Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Wiki ya pili katika nyumba mpya hapa Muyeye. Mpya kwetu. Mwenyewe wa zamani, Mwalimu Kitsao, amestaafu akarudi Marafa na kutuachia paneli sita za sola juu ya mabati. Umeme wa nguzo hakuna. Jua tu, na jua la Februari halina huruma. Nilidhani nimeula.

Shida ni ukuta. Kando ya kidude kinachoonyesha wati, Mwalimu aliandika kwa penseli namba yake ya juu kabisa: 1,860. Mimi leo saa sita mchana: 1,310. Jua ni lile lile! Paneli ni zile zile! Mzee ananicheka kutoka huko Marafa.

Nimewaza. Kinachong'aa hupokea jua vizuri, nani asiyejua? Nikaazima ngazi ya Shoeb, jirani mwenye duka la vyuma, nikapanda na chupa tatu za mafuta ya nazi. Nimepaka paneli zote. Zinameremeta kama bibi harusi. Shoeb alikuwa juu ya paa lake akiosha paneli zake kwa mpira wa maji, kama kila asubuhi. Akauliza leo napika nini. Nikaendelea kupaka. Mtu anayemwagilia kitu kisichoota ana lipi la kunifunza?

Jumanne, 4 Februari

Mama mkwe amefika kutoka Ganze. Atakaa wiki mbili, ana miadi ya kliniki. Amekuja na insulini yake ya kisukari, na dawa hiyo haitaki joto. Zipporah, mke wangu, alimwahidi kwamba friji yetu haizimiki.

Hajavuka kizingiti, tone likamdondokea mkononi kutoka ukingo wa bati. Akanusa. Akamuuliza Zipporah ni nani anakaanga juu ya paa. Mimi nilikuwa pale pale, lakini mama mkwe hasemi nami wala mimi naye, heshima. Kila neno hupitia kwa Zipporah. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Saa sita: 1,140. Imeshuka!

Jumatano, 5 Februari

820. Vumbi lote la barabara limenasa kwenye mafuta. Moshi wa Kadii, anayeuza viazi karai nyuma ya ukuta, nao umenasa. Kunguru ametua, ameteleza, ameacha alichoacha.

Nikachukua ngazi. Zipporah akanidaka shati. Akauliza kama nimerogwa: mkwe apande paa na mama mkwe ameketi chini yake? Nimkanyage kichwani? Kwao aibu hiyo haifutiki. Nikaiegemeza ngazi tena ukutani.

Basi lazima mama atoke. Nikamwomba Zipporah amwambie kwamba Dabaso kuna njia ya mbao katikati ya mikoko, wageni hutoka mbali kuja kuitazama. Jibu likarudi: mikoko ameijua kabla mimi sijazaliwa, na boriti zake amezibeba kichwani. Miguu imemvimba. Haendi popote.

Shoeb akauliza mbona paneli zangu zimekuwa nyeusi. Nikamwambia ni aina mpya.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata njia! Kuosha kutoka chini. Nikajaza ndoo, nikazungusha mkono, nikarusha. Nusu ya maji ilifika kwenye paneli ikateleza kama kwenye mgongo wa bata. Nusu iliingia dirishani. Mama mkwe akatoka na leso zinachuruzika, akamuuliza Zipporah kama hapa kwetu masika huja Februari.

610. Friji inanguruma kidogo na kunyamaza sana. Kila nikipita naifungua na kugusa boksi la dawa. Zipporah ananiambia nikiifungua ndivyo baridi inavyotoka. Naogopa. Sijamwambia habari ya mafuta.

Ijumaa, 7 Februari

Friji imekufa saa tatu asubuhi. Nimegusa boksi: vuguvugu. Mama wa watu anaweza kufa kwa ajili ya chupa tatu za mafuta ya nazi, na mimi ndiye niliyepaka.

Nimekiri kwa Zipporah, yote. Akaingia kwa mama yake. Nikasimama nje ya pazia nikitokwa jasho kama mwizi.

Akatoka ameshika boksi. Halina kitu. Mama aliitoa dawa tangu Jumanne, siku ile tone lilipomwangukia akajua friji haitadumu. Ameiweka ndani ya mtungi, na mtungi umekaa kwenye mchanga mbichi chini ya kitanda. Baridi tele. Boksi tupu aliliacha kwenye friji kusudi, nisije nikajua na kuaibika.

Nimekwenda nyuma ya choo nikalia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 8 Februari

Zipporah amemwita Shoeb. Shoeb si mkwe wa mtu hapa, anapanda atakapo. Amesugua paneli kwa sabuni na maji akicheka tangu ya kwanza hadi ya sita. Nikampigia simu Mwalimu Kitsao anipe siri yake. Akasema maji na kitambaa, kila Jumamosi alfajiri. Mzee mchoyo! Siri hataki kuitoa.

Saa sita: 1,848. Friji inanguruma! Mama mkwe amemwambia Zipporah, mbele yangu, kwamba mkwe wake ni mtu mzuri na sasa friji anaiamini. Kwa mkono wake ameirudisha dawa ndani. Mchanga akaumwaga uani.

1,848. Zimebaki wati kumi na mbili tu kumfikia Mwalimu.

Jumapili, 9 Februari

Nimesema tumbo linaniuma. Wote wamekwenda kanisani, mama mkwe pia, kwa tuktuk. Chini ya paa hakuna mtu.

Nimefikiri sana tangu jana. Kosa halikuwa kupaka. Kosa lilikuwa nazi, ni nzito mno. Mafuta ya simsim ni mepesi. Ninazo chupa nne, na ngazi ya Shoeb bado iko kwangu.