Kigari cha Bega kwa Bega

Jumanne, 3 Machi
Mke wangu anarudi kazini hospitali Jumatatu. Likizo ya uzazi imekwisha. Kuanzia siku hiyo watoto wote wawili nitashinda nao mimi kwenye chumba changu cha ushonaji, nusu saa kwa miguu. Yule mdogo tunamwita Mgeni, ana miezi minne. Mkubwa ni Bosi, miaka miwili na nusu. Bosi anajua kutembea, ila hataki. Hatua kumi tu, kaketi chini, anangoja kubebwa.

Mke wangu kasema waziwazi: nipate kigari cha kuwasukuma wote wawili kabla ya Jumatatu, la sivyo Bosi akakae kwa bibi yake mpaka aanze shule. Kwa bibi ni safari ya siku nzima. Nimesema sawa, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Kisha nikaenda kusimama uani peke yangu. Nyumba bila Bosi siiwezi.

Lakini nahofia nini? Vipimo ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 4 Machi
Dukani kuna aina mbili. Moja watoto wanakaa mbele na nyuma. Nyingine bega kwa bega. Mke wangu anataka ya mbele na nyuma, kwa sababu uchochoro wetu wa kutokea barabarani ni mwembamba. Kaka yake, seremala, kamuunga mkono. Shemeji huwa na penseli sikioni hata akija kula, na mke wangu anaiamini penseli ile kuliko anavyoniamini mimi.

Hawanielewi. Mimi ni wa nne kati ya watoto saba. Utoto wangu wote nimetazama kisogo cha kaka yangu. Sitaki Mgeni akulie kisogoni.

Mchana nimesinzia kwenye cherehani. Nikaona kigari cha bega kwa bega kinateleza barabarani bila kelele. Watoto wameshikana mikono, mawingu yanawafuata polepole, na mimi nyuma yao natembea lakini miguu haigusi chini. Nilipozinduka nilikuwa nimeshonea mkono wa shati kwenye mfuko. Mteja ni mpole, kasema atapita tena.

Alhamisi, 5 Machi
Nimepima uchochoro kwa futi kamba yangu, pale katikati unapobana zaidi, Shemeji asijue. Nimeandika kwenye daftari: inchi thelathini na moja. Kigari cha bega kwa bega ni inchi thelathini kamili. Kinapita! Nimelipa palepale. Muuzaji kaonya kuwa mali ikitoka dukani hairudi. Nimemwambia hata mimi sirudi nyuma.

Jioni Shemeji kauliza kama nimepima mara mbili. Nimemjibu fundi akipima amepima. Kaigusa penseli yake.

Jumamosi, 7 Machi
Siku ya majaribio. Watoto ndani, mke wangu mlangoni, majirani madirishani. Hatua za mwanzo zilikuwa ile ndoto yenyewe. Mgeni anatazama juu, Bosi anapunga mkono kama anaaga taifa. Mimi nikafumba macho kidogo.

Kikagoma katikati ya uchochoro. Nikadhani ni ugeni tu, nikasukuma kwa nguvu. Sasa hakiendi mbele wala hakirudi nyuma. Kukikunja hakuwezekani, kifungo cha kukunjia kimebanwa ukutani. Na njia ya kutoka ni hiyohiyo moja. Dereva wa lori wa nyumba ya nyuma alikuwa anawahi kazini, ikabidi apande juu ya kigari, viatu mkononi. Bosi kamwomba apande tena.

Tulipowatoa watoto, mke wangu kapima mwenyewe. Inchi ishirini na tisa. Nikafungua daftari: thelathini na moja. Hapo ndipo nilipokumbuka mkono wangu. Miaka kumi na minane sijawahi kuandika kipimo bila kuongeza inchi mbili za mshono. Nimeuachia uchochoro nafasi ya mshono.

Mke wangu hakugomba. Angegomba ningepumua. Kaingia ndani, kaanza kukunja nguo za Bosi na kuzipanga kwenye begi. Nimekaa uani nikimtazama Bosi akicheza na kofia yangu, roho imeniuma vibaya sana.

Jumapili, 8 Machi
Shemeji kaja na msumeno wa chuma. Sikumwita mimi. Kakata kigari katikati palepale kilipokwama, pa! Kikawa viwili. Kisha kakiunga kimoja mbele ya kingine kwa vyuma na bolti, na magurudumu yaliyopungua kayatoa kwenye toroli lake mwenyewe. Kazi ya kushika ilikuwa yangu. Nimeshika vizuri sana.

Alasiri mke wangu kawapitisha watoto uchochoroni mara tatu, bila kugusa ukuta. Mara ya tatu kacheka. Karudi ndani, kafungua begi, nguo za Bosi zimerudi kabatini. Nimejifanya kuna kitu kimeniingia jichoni.

Jumatatu, 9 Machi
Tumekwenda na tumerudi. Bosi mbele, Mgeni nyuma. Mgeni kachezea nywele za kaka yake njia nzima mpaka akalala. Barabara kimya, asubuhi ina ukungu mwepesi, nikajiona kama nasukuma usingizi wenyewe. Mama mmoja kauliza nani kabuni kigari kile. Nimemwambia ni mimi, seremala mmoja alinisaidia kidogo.

Jioni mke wangu kasema kwa kuwa Bosi haondoki tena, watoto watahitaji kitanda kimoja kipana. Shemeji kanyoosha penseli, kaomba vipimo vya chumba chao akichonge yeye. Nimemwambia asijisumbue. Kitanda nilikiona mchana, kizuri ajabu, na nimeshakilipia. Kinaletwa kesho.

Chumba nitakipima kikishafika.