Mama Mkwe na Panda Wangu Saba

Kwa Baba Mkwe,
Karani Mstaafu wa Mahakama,
Nyumbani kwake.

KUHUSU: KUSUGULIWA KWA MTAJI WANGU, NA MENGINE YALIYOFUATA

Baba mheshimiwa,

Shikamoo. Naisema nikiwa nimesimama, ingawa hunioni, tena kwa mguu mmoja, kwa sababu utakayoikuta kwenye lalamiko la nne.

Siku nilipokuja kuposa ulinitazama juu ya miwani ukaniambia, "Kijana, mimi maneno ya mdomo huwa hayaniingii. Ukiwa na tatizo na watu wa nyumba hii, lilete kwa maandishi, na uweke namba." Miaka tisa sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika, na namba nimeweka.

Ila kwanza nikueleze chanzo. Unajua kazi yangu ni kutengeneza mizani. Kutwa nzima niko kwenye kibanda changu nyuma ya soko, nafungua mizani za watu, na kazi hii imeniondolea imani na binadamu. Nimekuta sumaku chini ya sahani. Nimekuta jiwe la kilo lililotobolewa tumboni likajazwa nta. Nimekuta mizani inayompunja hata mwenyewe, naye hajui. Basi mwaka ule niliomuoa binti yako, mfanyabiashara anayeniletea vipuri kutoka China aliniletea sarafu moja ya fedha. Nasema fedha ile ya madini, siyo ile inayoisha kabla ya tarehe kumi. Upande mmoja ina hekalu la duara, upande wa pili yumo panda, yule mnyama wa kwao mfano wa dubu, mweupe mwenye miwani nyeusi. Imeandikwa gramu thelathini. Nikaiweka kwenye mizani yangu bora kuliko zote. Gramu thelathini. Nikaipima mara tisa. Baba, machozi yalinitoka. Nilikuwa nimekutana na kitu cha kwanza duniani kinachosema kweli kuhusu uzito wake.

Tangu hapo kila mwaka nanunua moja, kwa sababu kila mwaka panda hubadilishwa mkao. Mwaka huu amekaa, mwaka ujao amempakata mtoto, mwingine anatafuna mianzi kama mtu asiye na deni. Mpaka juzi nilikuwa nazo tisa, kila moja ndani ya kikasha chake cha plastiki cha mviringo, na sikuwahi kuzigusa bila glavu za pamba. Binti yako alinikejeli tangu mwanzo. "Jina lake Panda," alisema, "lakini miaka yote hii sijaona kilichopanda." Nilimfafanulia kwamba uwekezaji ni subira: fedha haili, haiumwi, haiombi nauli. Akajibu, "Na haibembelezi mtoto." Mjukuu wako alipozaliwa aliongeza jingine, kwamba mtoto nimempokea kwa mikono mitupu lakini sarafu nazivalia glavu. Mtoto hachubuki kirahisi hivyo.

Sasa malalamiko.

1. Kusuguliwa. Mama alikuja kumsaidia binti yako baada ya kujifungua, na kwa hilo nashukuru sana. Wiki ya pili, akitafuta shuka za mtoto kabatini, alikuta vikasha saba. (Viwili vilikuwa kibandani, ndiyo salama yao.) Aliona baadhi ya sarafu zina vidoa vyeupe kama matone ya maziwa, jambo la kawaida kwa fedha hii, ambalo sisi wenye kuelewa tunaliacha lilivyo. Mama hakuliacha. Aliketi kwenye mlango wa jikoni na bakuli la majivu, ndimu tatu, na ule waya wa kusugulia sufuria, akasugua kuanzia saa nne hadi adhana ya adhuhuri.

Niliporudi nilizikuta zimeanikwa juu ya kitambaa cha meza, zinamulika hadi ukutani kwa jirani. Mama alisimama kando yake kama mtu aliyejenga nyumba. "Mkwe wangu," akaniambia, "nimekutoa aibu." Nikamtazama panda wa mwaka wa kwanza. Miwani haipo. Pua haipo. Amebaki kama paka aliyeamshwa. Wa mwaka wa nne nisingeweza kuapa mahakamani kama ni mnyama au ni kiazi.

2. Kushindwa kusema. Baba, mtu hamfokei mama mkwe wake. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni: "Ahsante sana, Mama." Kisha nikaingia bafuni, nikafungua bomba hadi mwisho, nikalia kwa dakika ambazo sikuzihesabu. Sasa sikiliza hasara ya adabu: ile ahsante ilimpa Mama moyo. Kesho yake akazisugua zote tena! Nilipozipima baada ya mzunguko wa pili, hakuna hata moja iliyofika thelathini. Ile ya kiazi ilisoma ishirini na tisa na nukta tano. Nimeishi kuona panda wakinidanganya.

3. Mguu wa meza. Meza yetu ya chakula imeyumba miaka sita, na kila mgeni amemwagikiwa mchuzi mapajani. Mama aliweka panda mmoja chini ya mguu ule mfupi. Nilileta pimamaji kutoka kazini nikiwa na nia mbaya kabisa. Inanilazimu, kama fundi, kuandika hapa kwamba meza imenyooka sawasawa. Hilo halipunguzi uzito wa lalamiko.

4. Sifa nisizostahili. Hapa ndipo unapoingia mguu wangu. Mama, kwa moyo wake mweupe, aliamini sarafu zile ni medali. Mviringo mkubwa, mnyama katikati, zimefungwa kwa heshima: yeye angedhani nini? Aliwatangazia majirani kwamba mkwe wake aliwahi kukimbia hadi China na kurudi na medali saba, ila ni mtu wa kujificha. Nilianza kusalimiwa kwa namna mpya. Kinyozi alikataa kunitoza. Fundi viatu aliniuliza kwa siri nilikuwa nakula nini kabla ya mashindano. Mwisho wakaja watu watatu wa kamati ya michezo ya mtaa kuniomba nikimbie kwenye mbio zao, angalau mzunguko mmoja, vijana waone. Mama alikuwa ameketi pale pale, amempakata mjukuu wako, ananitazama. Ningewaambia nini, Baba? Kwamba mama mkwe wangu ni mwongo?

Nikakimbia. Nilimaliza nusu mzunguko. Nusu iliyobaki nilibebwa, kifundo cha mguu kimeteguka. Mama aliwaambia watu kwamba ndivyo mabingwa walivyo, mwili ukizoea mbio za nchi kubwa haukubali mbio ndogo.

5. Shemeji. Mwanao wa pili, yule refa tunayemwita Filimbi, alikuja kumwona mpwa wake akaondoka na panda wa saba mfukoni, akisema sarafu yake ya kurushia ni ndogo, wachezaji wanagombana imeangukia upande gani. Siku ya mechi akawauliza manahodha, "Panda au hekalu?" Mmoja akasema panda, mwingine akauliza apande wapi. Sarafu ikarushwa, ikang'aa juani kwa ule mng'ao wa majivu ya Mama, ikamtia refa upofu wa muda, ikapotelea majanini. Wachezaji ishirini na wawili walitambaa kwa magoti robo saa nzima. Aliyeipata ni kipa wa wageni, na hakuirudisha mpaka alipopewa penalti. Filimbi ananiambia nisijali, kwani walifungana sare.

6. Tufike kwenye lenyewe. Jumapili iliyopita nilipungukiwa subira. Nilikuwa nimelala kochini na mguu wangu, Mama akapita akauliza kama zile medali zimeanza kufifia, azipitie tena kidogo. Sikumfokea. Niligeukia ukuta tu. Lakini binti yako aliliona lile geuko, naye akamwita mama yake chumbani akamweleza kila kitu: kwamba si medali, kwamba ni akiba ya mtoto, kwamba zikisuguliwa hazitamaniki tena kwa wanunuzi, kwamba mimi nililia bafuni. Kumbe bomba halikutosha.

Mama alimwogesha mtoto, akakunja nguo zake, akaondoka na basi la asubuhi kabla sijaamka. Shuka za kitandani pake alikuwa amezifua usiku huo huo. Tangu siku hiyo binti yako ananijibu kwa maneno mawili, na mara nyingine analipunguza moja. Mtoto analia kuanzia saa kumi alasiri, saa ambayo alikuwa anatembezwa uani na bibi yake. Nimejaribu kumtembeza mimi. Kwa huu mguu, anatikisika upande mmoja, analia zaidi.

Sasa, Baba, nakuletea hoja ya kisheria, na nakuomba uvae miwani.

Nimepima sarafu zote saba na kukuta zimepungua gramu mbili na nukta nane kwa jumla. Fedha hiyo haikupaa mbinguni. Iliingia kwenye majivu, na majivu Mama aliyamwaga kwenye shina la nyanya zetu nyuma ya jiko. Nyanya zile zilistawi ajabu. Kapu zima Mama alikutumia wewe kwa mkono wa Filimbi, na salamu zilizorudi zilisema umezila zote kwa siku mbili. Kwa hiyo sehemu ya mtaji wangu, Baba, na nasema hili kwa heshima zote za mkwe, umeula wewe. Kiasi kingine kimebaki kwenye vidole vya Mama, kwenye zile nyufa za kucha ambazo hata sabuni haifiki. Yaani leo hii akiba ya mjukuu wako inaishi nyumbani kwako, imegawanyika ndani ya watu wawili, haina kikasha wala ulinzi, na mmojawapo, nasikia, hataki kula tangu Jumatatu.

Hakuna mwekezaji duniani anayeacha mtaji wake ukae mbali naye namna hiyo. Kwa sababu hizo, naomba kama ifuatavyo:

(a) Mama arudishwe hapa mara moja, yeye na vidole vyake vyote kumi, akae chini ya uangalizi wangu kwa muda usiopungua miaka miwili, au mpaka mtoto aanze kutembea mwenyewe saa kumi alasiri, lolote litakalochelewa zaidi.

(b) Wewe mwenyewe uje naye kwa ajili ya ile sehemu ya nyanya. Chumba cha mbele kipo, na dirisha lake nimelikaza jana.

(c) Mama akabidhiwe majukumu yenye ulazima, yakiwemo kumwogesha mtoto, kumshauri binti yako anisemeshe, na kula, kwani mtaji unaokonda ni hasara kwa familia nzima.

(d) Mama asikaribie kitu chochote cha madini bila kibali changu cha maandishi, chenye sahihi na tarehe.

Nikikosa majibu kwa siku saba nitalazimika kuja mwenyewe kwa magongo, na aibu itakuwa yetu sote.

Nifikishie salamu kwa shangazi mdogo, kwa majirani zako wa kulia (wa kushoto nakumbuka hamsemezani), kwa shemeji mkubwa na watoto wake, na kwa yule mzee wa duka la kona ambaye kila nikija huniita kwa jina la mume wa zamani wa dada wa mtu mwingine. Mjukuu wako ameongeza kilo moja kasoro gramu arobaini; nimempima mwenyewe na mizani ni ya kuaminika.

Wako katika ukwe, mwenye kuheshimu na kudai,

Fundi Mizani, mume wa binti yako.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, nimeifungua tena. Mama amepiga simu sasa hivi. Nilikuwa nimejiandaa kumsomea kuanzia namba moja. Yeye akaniuliza tu, "Mguu unaendeleaje, bingwa?" Baba, sikumsahihisha. Nilimwambia unaendelea vizuri, kisha nikashindwa kuendelea mimi. Akaniuliza kama nimefungua bomba. Akacheka, nikacheka, binti yako akatoka jikoni kuona kuna nini, akanipokonya simu, na hivi ninavyoandika wameshaongea nusu saa, maneno ya binti yako yamerudi yote kwa pamoja. Jumamosi nakuja na gari la kukodi kuwachukua. Kwa hiyo tafadhali kurasa zote zilizotangulia usizisome, na kama umeshazisoma, kwa vile wewe ni karani, ziandikie "imefutwa" na ugonge muhuri. Nabakisha (c) peke yake, hiyo ya kula.

Na jambo dogo, umnong'oneze Mama. Panda wa mwaka huu amefika leo asubuhi, wa kumi. Nimemfungua mezani bila glavu, nikamgeuza huku na huku. Sijui ni macho yangu, lakini nimemwona amefifia kidogo. Ndimu zipo.