Vita vya Edmund Msaga-Jiwe na Mkono Wake wa Kulia

Sogeeni, enyi wa Mbeya na enyi wa Iringa, wekeni chini majembe na masufuria, mpate kusikia habari za Edmund mwana wa Anania, Msaga-Jiwe la Rungwe, ambaye katika mwaka wa sabini na tatu alipigana na mkono wake mwenyewe, akiwa amevaa kaptula ya kaki.

Kazi yake katika ofisi ya miamba pale Mbeya ilikuwa kubandika kipande cha jiwe la volkano juu ya kioo, kisha kukisaga kwa unga mkali hadi kiwe chembamba kuliko ganda la kitunguu, nuru ipenye, na darubini ifichue fuwele zilizojificha humo tangu mlima ulipotapika moto. Ole wake! Vipande viwili alikwisha kuvisaga hadi vikatoweka, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa na tamaa: kila jicho liliposema imetosha, wenyewe uliongeza kidogo. Kikabaki kimoja. Na Jumamosi alikuwa anamwoa Benedicta kule Iringa.

"Ewe Edmund!" akanguruma Mzee Abrahamu, mkuu wa ofisi, Simba wa Makabati. "Hiki nacho kikipotea, hupandi basi la Iringa. Utapanda Mlima Rungwe, na masika haya, ukalete kingine!"

"Mzee wangu, baba yake Benedicta kaapa: nikichelewa, anampa yule fundi cherehani wa Ilula!"

Akasaga, roho mkononi. Akatazama kwenye darubini: vijiti vya fuwele za feldispa bado vya manjano, jiwe nene. Akasaga tena. Lo! Vijiti vimegeuka kijivu, vimetapakaa kama majani ya chai yaliyomwagika, na katikati yao fuwele za olivini zinawaka rangi za kanga ya sikukuu. Imetosha! Lakini mkono ukaanza kutambaa kuuendea unga, unataka kidogo tu.

Ndipo shujaa akaukalia. Akaukalia kwa uzito wa mwili wote, akapaza sauti, "Mzee, njoo ukichukue!"

Mzee Abrahamu akainamia darubini, akakawia. "Ndaga fijo, mwanangu," akashukuru, akanyoosha mkono wa kulia.

Edmund akampa wa kushoto. Ofisi nzima ikashika mdomo kwa utovu huo wa adabu.

"Nisamehe, Mzee. Kifungie kabatini kwanza."

Kabati likafungwa. Hapo tu ndipo mkono wa kulia ulipotolewa, umekufa ganzi, ukapokewa na mkubwa wake.

Jumamosi, kanisani Iringa, mkono uleule ulimvisha Benedicta pete. Ukasukuma, ukasukuma tena, na pete ilipokaa mahali pake, andikeni enyi waandishi wa zama, ukaacha.