Ukaguzi wa Raha ya Jenipher

Mfuniko wa sufuria uliwekwa taratibu kabla ya alfajiri, ndani ya chumba cha kupanga pale Mikumi. Nje ya dirisha, Kamati ya Kudumisha Ndoa iliandika: ukaguzi umeanza rasmi.

Mimi ni mjumbe, upande wa wazee. Tulitoka Kilosa jana yake kumkagua Jenipher, aliyemwacha Shigela, mume wa kupiga teke watu na vyombo. Alikuja na watoto watatu, anafua mashuka ya gesti. Aliomba barua yetu aende mahakamani, watoto wasirudishwe kule.

Utaratibu wetu ni mzuri sana. Mwanamke akikutwa na shida, arudi kwa mumewe akatunzwe. Akikutwa na raha, hana shida ya kupeleka mahakamani. Kwa hiyo mwenyekiti, Mzee Cleopa, huandika uamuzi kabla ya safari, kuokoa muda.

Safari hii alimleta mkewe, Mama Costancia, kama kielelezo cha mke mvumilivu. Kulipokucha tukaingia. Jenipher alituamkia, akampa mama huyo kigoda pekee na kikombe cha kwanza cha chai.

Mtoto mdogo akamwaga uji. Akatazama mlango. Jenipher akafuta, akampakulia mwingine. Hakuna aliyefoka.

Mama Costancia akamaliza kikombe chake. Kisha akasema, “Miaka thelathini na moja sijanywa chai nimekaa. Mwenyekiti, naomba fomu ya barua ya mahakama.”

“Ya huyu binti?”

“Lete mbili, baba.”

Mzee Cleopa akacheka peke yake. Nikamkumbusha kanuni aliyoitunga mwenyewe: mjumbe mwenye maslahi atoke nje, na mkubwa kwa umri akalie kiti. Akatoka. Shule niliishia la nne, lakini kuandika jina langu najua. Nilisaini barua ya Jenipher kwanza, kisha ya Mama Costancia.

Watoto hawakurudishwa.

Sasa tunamkagua Mzee Cleopa, kijijini Chanzuru, anakoishi peke yake. Juzi alitupikia ugali ulioungua, akanipa upande usioungua, nililiona hilo. Tukaandika: nyumba ina amani kamili, hakuna hatua zaidi.

Akanibebea mkoba hadi barabarani, akauliza tutarudi lini. Nikamwambia kwa upole kwamba maombi yote hupokelewa kwa maandishi.

Akachutama, akaandika juu ya goti lake: YAH: OMBI LA KUTEMBELEWA TENA.