Koti la Ukurasa wa 214

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaja dukani asubuhi, kanikuta nambana mteja kiuno kwa pini, katangaza mbele yake: riwaya yake inafanywa tamthilia. Sehemu ishirini na sita! Ile filamu ya kwanza haikutosha. Mteja kapiga makofi. Mimi nimejichoma pini.

Riwaya yenyewe ni ukoo wetu mtupu. Vizazi vinne vya mafundi cherehani, kurasa mia sita na kumi na mbili. Majina kabadilisha, nyuso kaziacha. Babu mkuu shujaa. Babu shujaa. Baba mtakatifu. Dada mwenyewe msomi, hata akilia analia kwa adabu. Halafu ukurasa wa 214, mimi! Kitindamimba anayemshonea baba yake koti la kuvaa kwenye harusi ya dada mtu, likatoka na mikono miwili ya kushoto. Uongo! Uzushi! Nilipofika mstari ule nilikifunga kitabu. Huu mwaka wa kumi na mbili sijakifungua.

Filamu ilipotoka nikapewa mwigizaji mwenye kitambi. Mwaka mzima wateja wakawa wanauliza kama suruali zangu nazo zina miguu miwili ya kushoto. Safari hii sikubali. Nitatolewa humo, wapende wasipende.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwandikia barua mwongozaji wa tamthilia. Siyo mimi: Chama cha Mafundi Cherehani. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, wanachama wengine wako njiani. Nimesema mhusika yule anaichafua kazi yetu na wanachama wamechemka. Barua bila mhuri ni karatasi tu, kwa hiyo nimechonga mhuri kwenye soli ya kandambili. Nimetumia ya kushoto.

Mke wangu kasema barua inanuka mguu. Nimemwambia asiingilie mambo ya chama. Kauliza bafuni ataingia na nini. Chama kimeahirisha kikao.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Mwongozaji kajibu. Kakishukuru Chama, kasema mhusika kafutwa kabisa. Kumbe naye hakumtaka tangu mwanzo: mtoto wa fundi hawezi kukosea vile, ni chumvi kupita kiasi, mtazamaji hataamini. Mtu mwenye akili huyu! Nimemsomea kila mteja barua hiyo, hata aliyekuja kuuliza njia.

Dada kapiga simu. Kasema yule ndiye mhusika pekee aliyemwandika huku analia. Nimemwambia ajifute, kazi iendelee. Kaanza kueleza habari za ukurasa unaofuata. Nimekata simu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeibiwa mchana kweupe! Dada kaniletea muswada mpya, kauweka juu ya cherehani, kaondoka. Kitindamimba hayumo, sawa. Sasa duka la Baba karithi nani? Fundi Zipu! Wa ng'ambo ya barabara! Yule ambaye kazi yake yote ni kubadilisha zipu, na zipu zenyewe zinafunguka mtu akikaa!

Na hilo ni dogo. Baba anakufa kashikwa mkono na Fundi Zipu. Nimesoma mara tatu, macho yanawaka. Siku arobaini nilimlisha Baba kwa kijiko. Nilimgeuza mimi, nilimnyoa mimi. Mkono ule niliushika mimi mpaka ukapoa! Fundi Zipu siku ile alikuja kuazima mkasi, na hajaurudisha hadi leo.

Habari zimeshamfika. Kashinda mlangoni kwake na shati jipya, ananipungia. Kwa hasira nimeushona mdomo wa mfuko wa mteja, mkono hauingii. Lazima nirudishwe.

Jumatatu, 10 Machi

Chama kimeandika tena. Kimesema barua ya kwanza ilikuwa kazi ya maadui wa Chama, na kwamba mafundi wote wanamlilia mhusika yule. Mhuri ule ule. Mwongozaji kapiga simu mchana. Kasema msimamo wake haubadiliki, labda Chama kije kimthibitishie kwamba kosa lile linawezekana. Kosa ambalo sikulifanya! Nimesema nitakuja.

Jumatano, 12 Machi

Chumba cha mikutano. Meza ndefu, watu sita, Dada kakaa mwisho na mfuko mapajani. Nimejitambulisha kama mwenyekiti. Dada kaangalia dirisha.

Mwongozaji kaanza kwa kiburi. Kasema hata mwendawazimu hashoni koti la namna ile. Kasema hakuna fundi duniani wa kukosea hivyo. Damu ikanipanda! Nikamuuliza yeye anajua nini kuhusu kitambaa! Kitambaa kilikuwa pungufu, hakikutosha kukunjwa, kwa hiyo kila mkono ulikatwa peke yake. Na kile kina upande wa nje na upande wa ndani. Usipoigeuza karatasi ya kukatia mara ya pili, umekwisha, mikono yote inatoka ya kushoto! Harusi kesho yake, umri miaka kumi na tisa, unataka baba yako aone kwamba unaweza, utakumbuka kugeuza karatasi? Nikapiga meza. Nikasema nilikata mimi, kwa mikono hii!

 Ndipo nikasikia nilichosema.

Dada kafungua mfuko, katoa koti. Lile lile. Kalitunza miaka yote hii! Kisha kanipa kitabu, ukurasa wa 215, kaniamuru nisome kwa sauti. Baba anakataa kubadilisha koti. Analivaa tangu asubuhi mpaka mgeni wa mwisho, bega limembana, mkono wa kulia haushuki. Kila anayemcheka anaambiwa: hili kanishonea mwanangu, la kwako kakushonea nani?

Nililia mbele ya watu sita. Mhusika karudishwa, duka karudishiwa, na mkono wa Baba nitaushika mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Hasira basi. Nimemwomba Dada msamaha kwa miaka kumi na miwili ya ujinga, naye kanisamehe. Nimeahidi kukisoma kitabu chote kwa moyo mweupe. Nimeanza leo, ukurasa wa 216.

Ati siku ile ile ya harusi kitindamimba alikutwa kalala chumba cha zawadi, anakoroma mpaka hotuba zikasimama! Uongo! Uzushi! Mimi sikoromi! Nimemuuliza mke wangu, kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe na yeye wameshamnunua.

Ukurasa wa 217 sijaufungua. Wa nini? Niliyoyaona yanatosha. Chama cha Vitindamimba kinaandika barua leo hii, na kandambili ya kulia bado ipo.